Kabla ya Wiki ya 37: Yanayomharakisha Mtoto na Namna ya Kumchelewesha

Anza na kalenda. Tafuta siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, siku damu ilipoanza, siyo ilipokatika. Ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupa tarehe 17 Desemba, na hiyo ndiyo tarehe ya matarajio ambayo mkunga ataiandika kwenye kadi yako ya kliniki. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba. Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, au akiwa ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, mara nyingi hana tarehe ya kushikilia. Huyo anahitaji altrasaundi mapema, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ikiwezekana, na isipite wiki ya 24. Kipimo hichohicho kikifanywa mwezi wa nane kitaonyesha mtoto alivyolala, lakini umri wa mimba kinaweza kuukosea kwa wiki mbili hata tatu.

Nimeanza na tarehe kwa sababu bila tarehe hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba mtoto amewahi. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37. Anayezaliwa kabla ya hapo ni njiti, hata akiwa na kilo mbili na nusu. Na mtoto wa kilo mbili anaweza asiwe njiti kabisa. Huenda ametimiza wiki zake zote ila kondo la nyuma lilikuwa likimlisha kwa shida. Matunzo yao hayafanani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani kote, karibu mmoja katika kila kumi. Wengi wao huzaliwa kati ya wiki ya 32 na ya 37, na wakipata joto, maziwa ya mama na uangalizi wa karibu, wengi wa hao huishi. Walio chini ya wiki 28 ndio wenye safari ngumu kuliko wote.

Kuna imani inayozunguka mitaani kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Si kweli. Kila wiki anayoiongeza tumboni inamwongezea nafasi ya kuishi, kwa hiyo wa miezi minane ana nafasi nzuri kuliko wa miezi saba. Ubaya wa imani hii ni kwamba inaweza kumkalisha nyumbani mama wa miezi saba anayeumwa uchungu, akiamini kwamba mtoto huyo atapona tu.

Mezani kwa mkunga

Kwa wanawake wengi wanaozaa mapema, sababu haijulikani hata baada ya mtoto kutoka. Aliyefanya kila kitu sawasawa anaweza kujifungua wiki ya 31. Lifahamu hilo kabla hujaendelea, kwa sababu mwongozo kama huu husomwa pia na mama aliyekwisha kumpoteza mtoto, na huyo mara nyingi ameshajilaumu vya kutosha.

Kati ya hatari zinazojulikana, historia ndiyo inayotangulia. Mwanamke aliyewahi kuzaa kabla ya wakati yuko kwenye uwezekano mkubwa wa kurudia kuliko ambaye hajawahi, na uwezekano huo unapanda kadiri yule wa kwanza alivyozaliwa mapema zaidi. Mimba iliyotoka mwezi wa nne au wa tano nayo imo humohumo, hasa kama ilitoka bila maumivu makubwa: tumbo lilivuta kidogo tu, chupa ikapasuka, mtoto akatoka. Mkunga mzoefu akisikia hivyo, anafikiria moja kwa moja mlango wa kizazi uliolegea.

Shida ni kwamba hasikii. Siku ya kwanza ya kliniki benchi limejaa, mlango uko wazi, mama mkwe amekaa karibu kwa kuwa ndiye aliyekusindikiza, au mume yupo kwa kuwa kliniki nyingi huwataka wenza waje hudhurio la kwanza.

"Hii mimba ya ngapi, mama?"

"Ya pili, nesi."

"Hakuna iliyowahi kutoka?"

"Hakuna."

Na ipo. Ilitoka ikiwa na miezi mitano, kabla ya ndoa hii. Jibu linaandikwa kwenye kadi, na tangu siku hiyo kila atakayeifungua atamhudumia kama mtu asiye na hatari yoyote. Simshangai aliyejibu hivyo, maana swali lenyewe limeulizwa mahali pabaya. Lakini ipo nafasi nyingine. Wakati wa kupimwa tumbo unaingia peke yako, pazia linavutwa. Hapo ndipo pa kusema: "Nesi, kuna jambo sikulisema pale nje." Wakunga wameyasikia mengi kuliko unavyodhani, na atajua namna ya kuliandika bila kulitangaza.

Mwambie mimba zote, zilizokaa, zilizotoka na zilizotolewa. Mwambie kila mtoto alizaliwa mimba ikiwa na umri gani, alikuwa na kilo ngapi, na kama ni wewe uliyeshikwa na uchungu au ni daktari aliyeamua umzae mapema kwa sababu ya presha. Mwambie kama umewahi kusafishwa kizazi, kama una uvimbe kwenye kizazi, kama umewahi kukatwa sehemu ya mlango wa kizazi kwa ajili ya dalili za awali za saratani. Kama mama yako au dada yako wa tumbo moja alizaa njiti, hilo nalo liseme.

Haya yana kazi. Mwenye historia ya namna hiyo hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, ambako mlango wa kizazi hupimwa urefu kwa altrasaundi. Ukionekana mfupi, daktari anaweza kumpa homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni kila siku. Kwa baadhi ya wanawake mlango hushonwa uzi, mara nyingi kati ya wiki ya 12 na ya 14, na uzi hutolewa karibu na wiki ya 37. Zitazame hizo wiki. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita, na wako wengi sana, amekwisha kupitwa na nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka mjamzito aonwe kliniki angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla wiki ya 12 haijaisha. Desturi ya kuificha mimba mpaka tumbo lijitokeze lenyewe naielewa. Watu wana midomo na wana macho. Wafiche watu, lakini usimfiche mkunga.

Mapacha wanahitaji sentensi zao wenyewe, kwa sababu zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Kizazi kimejaa mapema, basi. Ukiambiwa una mapacha, usipange kujifungulia zahanati, na mipango yote ya pesa, usafiri na mtu wa kukaa na watoto wa nyumbani iwe tayari kufikia mwezi wa saba.

Umri pia una uzito wake: walio chini ya miaka 18 na waliovuka 35 wako kwenye hatari zaidi, ingawa kwa binti mdogo umaskini, lishe duni na aibu ya kwenda kliniki huenda vinachangia kuliko miaka yenyewe. Kuhusu kuachanisha, ushauri ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Mwili unahitaji muda wa kurudisha damu na madini.

Malaria isiyo na homa, mkojo usiouma

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo mama anaweza kufanya kitu wiki hiihii. Maambukizi ni kati ya sababu kubwa za uchungu wa mapema, na mabaya zaidi ni yale yasiyojitangaza.

Malaria kwanza. Mwanamke aliyekulia Tanga, Kigoma, Kilifi au Kisumu ana kinga fulani mwilini, na kinga hiyo inaweza kumdanganya. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, yeye hana homa, hana baridi, na hata kipimo cha kutoboa kidole kinaweza kutoona kitu. Wakati huo chakula na hewa vinamfikia mtoto kwa shida, anazaliwa mdogo au anazaliwa mapema. Ndiyo maana Tanzania Bara, na kwa Kenya maeneo ya Pwani na Kanda ya Ziwa, mjamzito hupewa vidonge vya SP hata kama haumwi. Huanza baada ya wiki ya 13, hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, na visipungue mara tatu kabla ya kujifungua. Vinamezwa vitatu kwa mpigo palepale mbele ya muuguzi. Wapo wanaoviweka shavuni wakavitema nje ya geti kwa sababu vinawatia kichefuchefu. Kula kitu kabla hujatoka nyumbani, kichefuchefu kitapungua.

Mambo mawili kuhusu SP ambayo kwenye foleni ndefu husahaulika. Anayeishi na VVU na anameza Septrin kila siku hapewi SP, kwa kuwa ni dawa za jamii moja, na Septrin yake tayari inamkinga. Na asidi ya foliki ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Ile ndogo iliyochanganywa na madini ya chuma haina tatizo. Kama ulinunua asidi ya foliki mwenyewe duka la dawa, ichukue pakiti uende nayo kliniki wakaisome. Chandarua chenye dawa unalala nacho hata usiku wa joto la Februari, hapo hakuna mjadala.

Mkojo una hadithi inayofanana. UTI ya mjamzito inaweza kukaa kwenye kibofu bila kuuma wala kuchoma, kisha ikapanda kwenye figo na kuleta homa, maumivu ya ubavuni na uchungu. Kwa hiyo toa mkojo upimwe hata kama hujisikii chochote, na uutoe vizuri: jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkojo wa mwanzo uache uende chooni, wa katikati ndio uingie kwenye kikopo. Mkojo uliokingwa ovyo huonyesha uchafu wa nje, na mtu anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Hilo hutokea sana. Siku hizi kila maumivu ya mgongo mtaani yanaitwa UTI, na dawa inauzwa dirishani bila swali. Siprofloksasini na doksisaiklini, ambazo ni rahisi kupatikana, mjamzito hapaswi kujinunulia. Ukiandikiwa dawa ya siku saba na daktari, imalize siku saba.

Kaswende hupimwa kwa tone la damu na hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Isipotibiwa inaweza kumtoa mtoto mapema au kumuua tumboni. Tatizo la kaswende na kisonono ni mwenza: mama anatibiwa, baba anakataa kwenda, wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi. Kliniki zinatoa kikaratasi cha kumwita mwenza, na asipokuja, kondomu mpaka ajifungue. Uchafu wa ukeni unaonuka kama samaki nao una dawa yake. Na acha kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu, mimba iwepo au isiwepo. Uke una bakteria wake wanaoulinda, na ukiwaondoa unawafungulia mlango wengine. Shoga zako watakupinga kwa hili, najua.

Damu pungufu inaingia hapa kwa sababu ni mtoto wa malaria, minyoo na sahani isiyo na mboga. Wingi wa damu ukishuka chini ya 11, hatari ya kuzaa mapema na ya kutokwa damu nyingi zinapanda pamoja. Vidonge vya kuongeza damu humezwa kila siku, na choo kuwa cheusi ni kawaida yake. Usivishushe kwa chai. Chai na kahawa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo acha saa moja au mbili zipite. Maji au juisi ya chungwa vinafaa zaidi. Dagaa, maharage, mchicha na matembele viwepo, na limao likamuliwe juu. Udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa mafungu ni suala jingine. Hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba damu iko chini, na wenyewe unaweza kuleta minyoo na kuzidisha upungufu uleule. Aliyezoea hawezi kuacha kwa kukemewa. Apimwe damu, atibiwe, na mara nyingi hamu hupungua.

Presha ni hatari ya namna ya pekee, kwa kuwa hapa ni daktari anayeamua mtoto atoke mapema. Kifafa cha mimba huanza na presha kupanda baada ya wiki ya 20, na tiba yake ya mwisho ni kujifungua. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kisichosikia Panadol, kuona nyotanyota, au maumivu makali chini ya mbavu si kawaida, na havingoji tarehe ya kliniki. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha mimba iliyopita amwambie daktari mapema, kwa sababu aspirini ya dozi ndogo, ikianzwa kabla ya wiki ya 20, hupunguza uwezekano wa kurudia. Aandikiwe na daktari, asijipimie mwenyewe. Kisukari nacho hupimwa na kufuatiliwa kliniki.

Nyumbani na kazini

Hapa ushauri wa bure ni mwingi, na sehemu kubwa unaweza kuuacha upite. Kunyoosha mikono juu kuanika nguo hakumtoi mtoto. Pilipili haimtoi. Tendo la ndoa, kwa mimba isiyo na tatizo, halimtoi. Linakatazwa pale damu inapotoka, chupa ikishapasuka, kondo likiwa limekaa mlangoni, au daktari akisema. Kulala kitandani wiki nzima nako hakujaonyesha kuzuia uchungu wa mapema, na kunaweza kugandisha damu kwenye miguu. Tembea, fanya kazi zako nyepesi.

Kinachostahili kutazamwa ni kazi nzito ya siku nzima: kusimama saa nyingi kiwandani, kubeba magunia, kuchota maji mbali kwa ndoo ya lita 20, zamu za usiku. Kazi hizi zimehusishwa na kuzaa mapema, na kwa mjamzito aliyeajiriwa Tanzania sheria imeligusa jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumfanyisha mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe ya matarajio, na hata mapema zaidi akileta cheti cha daktari. Mamalishe na mchuuzi hawana mwajiri wa kumpelekea cheti. Kwao msaada ni wa nyumbani, na mwenye nyumba asiyebeba ndoo mke wake akiwa na mimba ya miezi saba anajijua.

Sigara, pamoja na ya mume anayevuta chumbani, pombe ya aina yoyote na mirungi, vyote viachwe. Moshi wa kuni na mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha una madhara yake. Pikia nje au pikia mlangoni.

Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni hatari ya wazi. Baadhi zina nguvu ya kweli ya kukaza kizazi, na hakuna anayejua kikombe kimoja kina kiasi gani. Zikinywewa mapema zinaleta uchungu kabla ya siku zake, zikinywewa wakati wa uchungu zinaweza kupasua kizazi. Bibi anayekupa anakupa kwa upendo; pokea, shukuru, usinywe.

Na kipigo. Ngumi au teke la tumbo linaweza kuliachanisha kondo na kizazi, mtoto akakosa hewa na mama akavuja damu ndani bila kuonekana nje. Ukipigwa tumboni nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huoni damu, na ukiweza mweleze mkunga kilichotokea, siyo kwamba uliteleza bafuni. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Tumbo likianza kukaza

Tumbo la mjamzito hukaza mara mojamoja kuanzia miezi ya kati, bila mpangilio, na ukibadili mkao linaachia. Hilo ni la kawaida. Uchungu una mpangilio: tumbo linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma, linaachia, linarudi, na nafasi ya katikati inapungua. Wengine hawasikii tumbo kabisa, wanasikia kiuno kikivuta chini kama siku za hedhi, au uzito wa kusukuma nyongani, au ute unaoongezeka na kubadilika kuwa wa majimaji au wenye damu.

Kojoa, kunywa maji, lala ubavu wa kushoto, na shika saa. Mikazo minne au zaidi ndani ya saa moja, kabla ya wiki ya 37, inatosha kukutoa nyumbani. Maji yakivuja, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza, usihesabu chochote; ondoka. Maji yakivuja weka pedi au kipande cha khanga safi, angalia rangi yake ili uieleze, usiingize kidole wala kitambaa ndani. Usijaribu kwanza dawa ya tumbo ya dukani.

Kwa usafiri, Tanzania ina mfumo wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, na wanapanga gari la kukutoa kituoni hadi hospitali kubwa, au nyumbani hadi kituoni. Iweke namba hiyo kwenye simu yako, ya mume na ya jirani mwenye simu isiyozimika. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, nenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Mtoto anayesafirishwa akiwa bado tumboni anafika katika hali nzuri kuliko anayesafirishwa njiti wa saa mbili kwenye gari la baridi.

Ukifika, toa kadi na useme wiki zako kwa sauti. Kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, deksamethasoni, zinazotolewa kati ya wiki ya 24 na ya 34 pale uchungu unapotarajiwa kuishia kwenye kuzaa ndani ya siku saba. Kazi hii ilianzia kwa kondoo: Graham Liggins, daktari wa Auckland, New Zealand, aliona wanakondoo waliozaliwa mapema wakipumua baada ya kupewa dawa za jamii hiyo wakiwa bado tumboni, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa binadamu. Kwa miaka mingi watu walijiuliza kama zingefaa kwenye hospitali zetu zisizo na mashine nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kwamba zinapunguza vifo vya watoto wachanga pale umri wa mimba unapojulikana vizuri na hospitali ina huduma za kutosha. Daktari anaweza pia kukupa dawa ya kutuliza uchungu kwa siku mbili ili sindano zifanye kazi, viuavijasumu kama chupa imepasuka, na kabla ya wiki ya 32 magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto. Una haki ya kuuliza: "Daktari, nimechomwa sindano za mapafu?"

Akishazaliwa

Kifua chako ndicho kitanda chake. Mtindo wa kangaruu, mtoto akiwa uchi na nepi na kofia tu, amefungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey Sanabria, ambaye hakuwa na mashine za joto za kutosha. Kwa muda mrefu ulingojewa mpaka mtoto atulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwaweka watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na vifo vikapungua kwa robo. Baba anaweza kumbeba, bibi anaweza kumbeba. Saa nyingi zaidi kwa siku ni bora zaidi.

Kwa aliyeajiriwa Tanzania, mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza likizo ya mama aliyezaa njiti, ili kufidia wiki ambazo mimba ilikuwa bado haijatimiza, juu ya zile siku 84 za kawaida, au 100 kwa mapacha. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ni mmoja wa waliolidai jambo hili kwa miaka. Utahitaji barua ya daktari inayotaja wiki ulizojifungua, kwa hiyo iombe ukiwa bado wodini. Kurudi kuifuata baadaye huwa ni siku nzima.

Na usiruhusiwe bila karatasi nyingine inayosema umezaa wiki ya ngapi, mtoto alikuwa na uzito gani, uchungu ulianzaje na daktari anadhani sababu ni nini, kama ipo. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Muulize daktari swali moja kabla hujafunga mzigo: mimba ijayo nianze kliniki wiki ya ngapi, na hospitali gani? Kisha panga uzazi wa mpango kabla ya wiki sita kuisha.